Neno la Joyline Lina Vipande Sita

Baba yangu hapendi kukata mfupa. Ukimkuta amesimama mbele ya mguu wa ng'ombe pale kwenye bucha yetu ya mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, utadhani amesahau kilichomleta. Kwanza anaupapasa kwa kidole gumba, anautingisha kidogo, anatega sikio. Anatafuta kiungo. Akishakipata, kisu kinapita mara moja na mguu unaachana bila kelele, kama wapenzi waliochokana. Kukata mfupa, husema Baba, ni kazi ya watu wenye hasira. Kila kitu Mungu alichokiunganisha alikiwekea pia mahali pa kukifungulia. Siku pasta wetu aliposema kwenye harusi fulani kwamba alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, Baba aliniinamia akaninong'oneza kwamba huyo hajawahi kufanya kazi bucha.

Sasa mtu huyohuyo, Mzee Sitati mwenye mikono ya upole, akikutana na neno refu la Kiingereza alikuwa analivamia kwa shoka.

Na Kiingereza chenyewe kilitufuata hadi nyumbani kupitia kwa dada yangu Joyline. Angesomea ualimu tungepona. Angesomea unesi, Baba angeringa mtaa mzima bila kujikwaa. Lakini Joyline alienda chuo kikuu kusomea kuwa physiotherapist, yaani mtu wa kuwanyoosha waliokaza: aliyeanguka na pikipiki, aliyepooza upande mmoja, mzee ambaye mgongo umegoma. Kazi nzuri sana. Ni jina lake tu lililokuja bila huruma.

Siku alipoitwa chuo, tulienda kanisani kuombewa. Baba akapewa maiki aseme mtoto anaenda kusomea nini. Akalishambulia lile neno mara ya kwanza, likamrusha. Akalirudia, likaongezeka urefu. Mara ya tatu lilikuwa na "ti" mbili mwishoni na bado lilikuwa linaendelea. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Hapo ndipo Baba Mkubwa Makokha alipoinuka. Huyu ni kaka yake Baba, hedimasta mstaafu, anaishi Milimani ambako hata mbwa hubweka kwa ruhusa. Aliweka mkono begani mwa Baba, akaichukua maiki kwa upendo kabisa, akalisema lile neno kama mtangazaji wa redio. Kanisa likapiga makofi. Baba naye alipiga, tena kuliko wote.

Tangu siku hiyo sikumsikia akilitamka. Mteja akiuliza Joyline anasomea nini, Baba alikuwa anajibu kwamba ni mambo ya viungo, halafu anauliza haraka kama nyama ni ya kuchoma au ya kuchemsha. Kabiru, jirani yetu wa boda boda anayetuletea nyama asubuhi kutoka kichinjioni, alikuwa anasema familia hii imejipanga: baba anavifungua, binti anavifunga.

Mwaka huu Joyline amehitimu, na kanisa letu lina desturi yake. Mtoto akimaliza, analetwa mbele siku ya shukrani, na mzazi anamtaja. Tunaita hivyo hasa, kumtaja. Unasema jina lake, unasema ametoka wapi, halafu unasema amekuwa nani. Mtoto asiyetajwa ni kana kwamba cheti kilimfikia kwa posta. Na kwa familia yetu kila mtu alijua nani atataja. Ni Baba Mkubwa. Ndiye anayeongea kwenye harusi zetu, kwenye matanga yetu, na hata siku paka wa jirani alipokula maini ya dirishani ni yeye aliyepigiwa simu kuzungumza na jirani.

Halafu alasiri moja, saa zile bucha haina mtu, Baba alikuwa anakwangua gogo la kukatia nyama. Akaongea bila kuniangalia.

"Nanjala, hiyo neno ya Joyline. Nifundishe. Nataka nimtaje mwenyewe."

Nilitaka kumtania. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini aliendelea kukwangua mahali palepale palipokuwa pasafi tayari, nikaufunga.

"Na yeye asijue," akaongeza.

Mimi ndiye msichana wa mizani na kaunta. Kidato cha nne Kiingereza kilinibeba, hesabu ikanidondosha njiani, kwa hivyo kazi hii ilinifaa. Nilichukua karatasi ya kufungia nyama nikaliandika neno lote kwa herufi kubwa, nikaanza kumweleza kuhusu silabi na mkazo jinsi mwalimu wetu alivyotueleza. Nikaona macho yake yanatoka taratibu kupitia dirishani, yanapita kwa muuza mitumba, yanaelekea mtaa wa Kaptembwo. Nikaacha mambo ya mwalimu.

"Baba, achana na kusoma," nikamwambia. "Hii ni mbuzi. Iko hapo mezani. Tafuta viungo."

Macho yakarudi. Akaliinamia lile neno, akalipapasa kwa kidole gumba kutoka kichwani hadi mkiani, akaacha alama ya mafuta ukurasa mzima. Alitaka kutenganisha P na H hapo mwanzo. Nikamwambia hizo ni figo na mafuta yake, zinauzwa pamoja. Hilo alilielewa bila kuuliza swali. Tukaenda polepole, anasema kidogo, anasikiliza, anaweka mstari kwa kalamu mahali ulimi unapopumua. Tulipomaliza kulikuwa na vipande sita vimelala kwenye karatasi. *Phy. Si. O. The. Ra. Pist.* Alivitazama kwa muda mrefu. Akanisemea kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichompiga teke.

"Yaani ndani ya huyu mnyama wote kulikuwa na vitu vidogo hivi?"

Nikamwambia hata tembo akiingia bucha anatoka kwa robo kilo.

Shida ilikuja kwenye kuvirudisha pamoja. Kimoja kimoja vilikuwa sawa, lakini vikiunganishwa vilitoka "fiziotherapisti," na mzigo wote, yaani ule mkazo, umekaa mkiani kwenye "pi." Ilinichukua siku kadhaa kujua kosa liko wapi, na nililijulia kwenye mizani. Alikuja mama mmoja, akapimiwa nusu kilo, halafu Baba akafanya anachofanya kila siku ya Mungu: akaokota kipande cha mafuta akamtupia juu. Nyongeza. Hakuna mteja anayetoka kwetu bila nyongeza. Nikagundua ulimi wake nao ni muuza nyama. Kila neno la Kiingereza linalopita hapo analitupia i au u ya bure mwishoni. Si yeye peke yake, nchi hii yote ilishatoa nyongeza kwa basi na friji hadi tukasahau kwamba ilikuwa zawadi.

Nikamwomba aseme maneno yake ya kila siku. Ki-DA-ri. Ma-I-ni. Ma-TU-mbo. Akasikia mwenyewe kwamba sisi mzigo huwa tunauweka kwenye kipande cha pili kutoka mkiani, daima, hatufikirii. Kwa hivyo ukiongeza kipande cha bure mwishoni, mzigo unateleza kukifuata.

"Waingereza hawatoi nyongeza," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata mafuta."

Alitikisa kichwa akasema ndiyo maana walitajirika.

Akaanza kujizuia. Ilikuwa kazi. Alikuwa anafika mwisho wa neno halafu anafunga mdomo kwa nguvu, kama mtu anayezuia kwikwi. Lakini ilipoanza kukubali, kuna maneno yalimjia bure kabisa, yale ya kina *education* na *inspection*, maana bila nyongeza mzigo wake umekaa palepale anapopapenda, pili kutoka mwisho. Basi alifurahi akapitiliza. Wiki hiyo mtu aliyekuja kununua matumbo aliulizwa kama ana *information*. Mkaguzi wa nyama alipoingia, Baba alimkaribisha *inspection* kwa tabasamu pana kiasi kwamba yule bwana alizunguka nyuma ya friji mara mbili kutafuta kinachofichwa. Hajawahi kupokelewa hivyo tangu aajiriwe.

Lakini neno la Joyline halikuwa la ukoo huo. Hata bila nyongeza, Baba alipeleka mzigo kwenye "ra," kwa mazoea. Nyama ya neno hili iko kwenye "the." Tatu kutoka mkiani. Nilimweleza kwa mdomo, akakubali kwa kichwa, ulimi ukakataa.

Ndipo nikapata wazo la panga. Nilimwambia apige silabi kwa mgongo wa panga juu ya gogo. Zile ndogo azidokoe tu, ko, ko, ko. Akifika kwa "the" ainue panga juu kabisa, alishushe kwa uzito, halafu amalizie na mbili ndogo. Mwili ukijua, ulimi utafuata. Mimi nilirudi nyuma nikajikinga na kifuniko cha sufuria, maana upendo ni upendo na panga ni panga.

Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Yote sawa.

Nikamwambia ainue. Akasema ameinua. Nikatazama vizuri, nikaacha kucheka. Panga lilikuwa limesimama usawa wa kitovu na haliendi zaidi.

Ni bega. Miaka ya kupandisha nyama kwenye ndoano kila asubuhi ilikuwa imelikaza bega la kulia, na alikuwa anakata kwa kiwiko tu, amesimama kwa ujanja ili wateja wasione. Ndiyo maana Kabiru alikuwa ameanza kutundika nyama yeye mwenyewe, eti anafanya mazoezi ya kifua. Nyumbani tulijua. Tangu Joyline arudi, alikuwa anamshughulikia kila jioni baada ya chai. Anamsimamisha ukutani karibu na kalenda, anamwambia apandishe vidole kidogo kidogo hadi pale anapoweza, halafu anachora alama ya penseli. Alimwambia lengo ni mkono upande moja kwa moja hadi ugusane na sikio. Baba alisema kutambaa ukutani ni kazi ya mjusi. Alikuwa anafanya kwa dakika ya kumridhisha mtoto kisha anadai taarifa ya habari imeanza. Ile alama ya penseli ilikuwa imekaa mahali pamoja hadi buibui akaizoea.

Lakini sasa lile bega lilikuwa limeziba njia ya neno, na neno alilitaka. Siku iliyofuata nilimkuta ameshafungua bucha, yuko peke yake na gogo. Ko, ko, ko, halafu mkono unapanda unatetemeka, uso umekunjamana, "THE," halafu ko, ko. Uliishia kifuani. Neno lilitoka bovu, lakini kwa mara ya kwanza lilikuwa na nundu mahali pake.

Tuliendelea hivyo kila bucha ilipopoa. Mkono ulifika kwenye kola. Ukafika kidevuni. Na kila ulipopanda, neno nalo lilinyooka, hata sijui kipi kilikuwa kinamvuta mwenzake. Wateja waliuliza kwa nini mzee anapigana na hewa. Kabiru akawajibu kwamba anakata nyama ya malaika, bei yake ulizeni ndani.

Huko nyumbani alama za penseli zikaanza kuhama. Joyline alipima, akapima tena, akasogeza kalenda. Alisema kwa kawaida bega la namna hiyo halikimbii hivi, akataka kujua Baba anafanya nini mchana. Baba akasema ni maombi. Mama yetu, Awuor binti ya watu wa reli, alinigeukia polepole na kikombe mkononi. Yeye ndiye anayejua vizuri zaidi mtu huyu anaomba kiasi gani.

Kwa hivyo Jumamosi ya mwisho kabla ya shukrani neno lilikuwa tayari. Mahali pa kulisemea ndipo hapakuwapo.

Maana bado kulikuwa na Baba Mkubwa. Kwa ukoo wetu mdomo wa kaka mkubwa ndio mdomo wa nyumba. Humwambii anyamaze, ni rahisi zaidi kumvua askari kofia barabarani. Ila kuna mlango mmoja mdogo, na Baba kama muuza nyama anaujua. Kidari ni cha kaka mkubwa, siku zote. Kikija kimekatwa, ni chakula. Kikija kizima, kimeletwa na mdogo kwa mikono yake, juu yake kumekaa ombi, na mkubwa hakitii kisu kabla hajalisikia. Akikikata, amekubali. Baba alikuwa amewahi kupeleka kidari kizima mara moja tu maishani, siku alipotaka kwenda kumposa Mama kwa Wajaluo, kabila lingine, na nyumba yote ilikuwa inasitasita.

Alasiri hiyo Joyline alikuwa kwa msusi. Baba Mkubwa akafika amevaa sweta yake ya kijivu, akaketi, akaanza kutueleza hotuba ya kesho itaanzia wapi. Ilikuwa inaanzia kwa babu yetu kuja Nakuru na reli, kwa hivyo tulijua tutakula saa kumi. Baba aliingia kutoka jikoni na sinia kwa mikono miwili, akaiweka mezani. Baba Mkubwa akaacha kuongea.

"Sitati. Hii haijakatwa."

"Haijakatwa."

"Unaoa tena?"

Mama akakohoa kule jikoni, kikohozi cha kuonya ukoo mzima.

"Kaka, kesho mtaje mtoto," Baba akasema. "Sema yote, hata ya reli. Ukifika mahali pa kusema amekuwa nani, niachie. Ni neno moja tu."

Baba Mkubwa alivua miwani. Aliipangusa kwa sweta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Ni siku ile," akasema.

"Siku ile ulinisaidia."

"Nilikusaidia na ikakuuma."

"Kidogo. Kama hili bega. Unalala nayo tu."

Hedimasta hastaafu moyoni. Akamwambia Baba alitamke hilo neno hapohapo alisikie kwanza. Na Baba, ambaye sijawahi kumsikia akimkatalia kaka yake hata kikombe cha pili cha chai, akasema hapana, atalisikia kesho pamoja na watu wengine.

Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji ambayo nilikuwa nimesahau naipeleka wapi. Baba Mkubwa alikitazama kile kidari. Najua alichokuwa anawaza: mtoto anaingia kwenye mtihani na hajafanya hata zoezi moja mbele ya mwalimu. Kanisa zima. Na Joyline mwenyewe amesimama hapo mbele. Akavaa miwani, akanyoosha mkono.

"Nanjala, nipe kisu."

Jumapili Baba alivaa koti lake la mazishi na harusi. Joyline alivaa joho. Tulikaa mbele. Baba Mkubwa akasimama mimbarini, akawaita Baba na Joyline kando yake, na kweli reli ilijengwa upya mbele ya macho yetu, taruma kwa taruma, hadi ikafika Nakuru. Akamzaa Baba. Akampitisha Joyline shule ya msingi na ya upili bila kumsahau mwalimu hata mmoja. Hatimaye akasema, "Na leo mtoto huyu ni..." Akaigeuza maiki, akamwelekezea Baba upande wa mpini, namna unavyompa mtu kisu.

Sikuwa namtazama Baba. Nilikuwa namtazama Joyline, na nikaona hofu imemjaa usoni. Alikuwa anaikumbuka ile siku vizuri kama sisi sote. Mkono wake ulitoka kwenye joho haraka kuidaka maiki, amwokoe. Baba Mkubwa akaukamata ule mkono, taratibu, akaushikilia.

Baba akaichukua maiki kwa kushoto. Akasalimia. Akasema huyu ni Joyline Nekesa, mtoto wake wa kwanza. Halafu kanisa likatulia, maana na lenyewe linakumbuka. Nyuma kabisa mlangoni Kabiru, ambaye ni mhudumu wa viti, aliacha kuhesabu viti.

Mkono wa kulia wa Baba ulianza wenyewe pale ukingoni mwa mimbari. *Phy*, kidogo. *Si*, kidogo. *O*. Kisha ukapanda. Ukapita kifua, ukapita kola, ukapita kidevu pale tulipokuwa tumeishia, na haukusimama. Mkono wa koti uliteleza hadi kwenye kiwiko. Ukanyooka juu kabisa, ukalala kwenye sikio lake, na ndipo "THE" ikatoka, nzito, mahali pake. Halafu mkono ukashuka na zile mbili ndogo, *ra*, *pist*. Akafunga mdomo. Niliona midomo imekazana, i ya nyongeza imejaa humo ndani inagonga mlango, na hakuifungulia.

Sasa, kwetu mtu akinyanyua mkono mbele ya kanisa na uso umekunjamana vile, hakuna anayefikiria silabi. Akina mama wa mstari wa mbele wakainua mikono. Mpiga kinanda akadaka wimbo. Punde kanisa zima la Rhonda lilikuwa na mikono hewani, linamsifu Mungu kwa neno ambalo nusu yao wasingeweza kulitamka.

Joyline hakuinua yake. Alikuwa anautazama mkono wa Baba, ule uliokuwa umeshashuka.

"Baba," akasema. "Rudia."

Uso wa Baba ukaanguka. Alidhani amekosea. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kwenye kiti. Lakini akarudia, bwana mkubwa huyu, hakukimbia. Dogo, dogo, dogo, na alipoanza kupandisha, Joyline akaingiza vidole vyake nyuma ya bega, chini ya koti, kule wanakojua watu wa kazi yake, akawa anaufuata mfupa unavyotembea. Mkono ukagusa sikio mara ya pili. Akauzuia hapohapo juu.

"Umefika," akasema. Maiki ilimnasa, kanisa lote likasikia na halikuelewa. "Baba, umefika." Akaegemeza kichwa chake kwenye lile koti, chini ya mkono ulioinuliwa, na Baba akawa hajui aushushe vipi bila kumgusa nywele za msusi.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alipiga kuliko wote.

Kwenye chai baadaye watu walimzunguka Baba wakimuuliza mtoto amekuwa nani, na wengine walikuwa wameshasikia, walitaka tu kumwona akisema. Alimwambia kila mmoja. Kabiru alipojaribu akasema "fiziotherapisti," Baba akamshika bega akamwambia kwa upole wa muuza nyama wa siku nyingi kwamba hapo ametoa nyongeza bila kuombwa.

Jumatatu Joyline alikuja bucha. Mimi nilikuwa nimeshamsimulia yote, siri si kipaji changu. Aliligusa gogo, akaona vidonda vya mgongo wa panga, akasema aliyebuni matibabu haya anastahili kufungwa. Kisha akamwandikia Baba kwenye karatasi ya nyama aina ya magonjwa, ya misuli na mifupa, anayotaka kuendelea kusomea. *Musculoskeletal*. Baba alilipapasa kwa kidole gumba mara moja tu.

"Hii ni ndugu ya ile," akasema. "Sita. Ya nne juu." Na akanyoosha mkono kuchukua panga. Joyline akarudi nyuma. Nikampa kifuniko cha sufuria.

Alipoondoka, Baba alitundika mguu wa mbuzi kwenye ndoano mwenyewe, mkono wa kulia, akasimama kidogo akiufurahia. Halafu akanigeukia.

"Na wewe je, siku yako nitasema umekuwa nani?"

Nikamwambia sijui bado, pengine muuza nyama tu kama yeye. Akafikiria hilo huku anapangusa mizani.

"Sawa," akasema. "Lakini utafute neno refu. Sasa nimeshazoea."